Heko, Kikojozi!

Watu wa Ihangiro tunajua kusifu. Tunasifu kahawa, tunasifu senene, tunasifu ndizi aina kwa aina, na Mhaya akikabidhiwa kipaza sauti harusini atausifu ukoo wake mpaka matoke yapoe. Lakini katika sherehe zote nilizohudhuria hapa Rubya na Muleba mjini, sijasikia mtu akisimama kumsifu kikojozi. Leo nasimama mimi.

Ninaye nyumbani. Ana miaka 6, yuko darasa la kwanza, anaandika jina lake bila kukosea, na kila alfajiri godoro lake lina ramani ya nchi mpya. Wadogo zake nao wana mambo yao. Wa miaka 3 amejua kusema na tangu hapo hajanyamaza. Wa miezi 10 anasimama dede kwa kushika chochote kilicho karibu, kikiwamo kitambaa cha meza chenye vikombe vya chai juu yake. Hao wawili hushangiliwa na nyumba nzima. Mkubwa hununiwa. Nimeona ni dhuluma.

Tuanze na nasaba, maana mtu wa heshima hutambulishwa kwa ukoo wake. Kukojoa kitandani ni urithi. Kwa hesabu za madaktari, mtoto ambaye wazazi wake walilala pakavu ana nafasi kama 15 kati ya 100 ya kuwa kikojozi. Ikiwa mzazi mmoja aliwahi kuwa kikojozi, zinakuwa 44. Wakiwa wote wawili, 77. Mama mkwe wangu hakuhitaji hesabu hizo. Alikuta godoro limeanikwa nami nimekunja uso, akasema: "Mwanangu, usimgombeze mtoto. Muulize baba yake, la kwake lilikuwa likianikwa wapi." Mume wangu, mtu mzima mwenye kitambi na cheo, akakumbuka ghafla kwamba kuna mbuzi wa kuhamishwa.

Tena ni urithi wa amani. Kwetu kibanja, yaani shamba la nyumbani, huwafikisha ndugu mahakamani. Mila ilimkataza binti kuuza shamba la ukoo, mpaka alipotokea Holaria Pastory, aliyerithi shamba la baba yake kwa wosia, akaliuza mwaka 1988. Jamaa yake akamshtaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mwanamke naye ana haki ya kuuza kama mwanamume. Urithi wa kikojozi haukumsubiri jaji. Tangu zamani unawafikia mabinti na wavulana. Ni kweli wavulana hupata fungu kubwa zaidi, lakini sijasikia binti aliyekata rufaa.

Wanaomlaumu kikojozi wamekosea mshtakiwa. Mwenye kosa ni godoro. Ndani ya msonge wa mababu zilitandikwa nyasi zilizokatwa kwenye rweya, uwanda wa nyasi. Zikichafuka, zilitolewa, zikaletwa nyingine, na kesi ikaisha asubuhi hiyohiyo. Sponji ndiyo iliyomtia mtoto hatiani. Inanyonya kila tone, inatunza ushahidi, na masika ya Machi hadi Mei yakitukalia, inautunza wiki nzima. Mvua zikipungua, kahawa nayo imeiva na inataka jua lilelile. Kahawa ndiyo inayolipa ada, kwa hiyo inapewa uwanja. Godoro linatundikwa uani kando ya njia, na kila aendaye kuteka maji anapata habari zetu za usiku bila kuuliza.

Mlinganisheni sasa na ndugu zake. Huyu wa dede amekwisha vunja vikombe, ameonja udongo, na juzi tumemtoa punje ya kahawa mdomoni. Huyu msemaji alimpokea mgeni mlangoni akamwarifu kwamba mama amesema hayupo. Kikojozi akiwa macho hana tatizo na mtu. Hutenda usingizini, kimya, bila nia wala faida. Hakuna hakimu ambaye angemfunga.

Lakini sifa yake kuu ni kwamba anatunyima majivuno. Hatua nyingine za mtoto mzazi anaweza kujidai kwamba ni kazi yake, na wakati mwingine ni kweli. Mwaka 1976 mtafiti Charles Super alichapisha habari za Wakipsigis wa Kokwet, Kenya, ambao huwafundisha watoto kukaa na kutembea. Watoto hao walitangulia kwa yale waliyofundishwa, si kwa yale yasiyofundishwa, kama kutambaa. Basi sisi tumepata la kusema kliniki: wangu ametembea na miezi 9, wako je? Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa jibu kwamba kutembea bila kushikwa huja kati ya miezi 8 na 17 na ushei, na yote ni sawa. Hilo halijatuzuia kushindana.

Kwa kikojozi hakuna pa kujidai. Usiku mkavu hufika mwili unapojua kupunguza mkojo wakati wa kulala, na ubongo unapoanza kuitikia wito wa kibofu. Wakiwa na miaka 5, watoto kama 15 kati ya 100 bado wanalowesha kitanda. Kisha kila mwaka, kama 15 katika kila 100 kati ya hao huacha wenyewe, bila dawa. Wapo wanaomtwisha mtoto godoro kichwani apite nalo huku wenzake wakimwimbia. Tiba hiyo inamtia mtoto aibu, na kibofu kimelala, hakina habari.

Na mashindano yetu ya kliniki husahaulika. Katika Seminari ya Rubya alisoma Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alifanywa kardinali, Mwafrika wa kwanza wa zama zetu. Nimesoma habari zake nyingi. Sijakuta popote palipoandikwa kwamba alianza kutembea na miezi mingapi.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, kikojozi msimhesabie kosa, awe chini ya miaka 5 au zaidi. Aliyekwisha kauka miezi sita kisha akarudia, anayeshikwa na kiu isiyoisha, au anayelia akikojoa, mpelekeni hospitali. Hao wengine wapelekeni chooni kabla ya kulala, tandikeni plastiki chini ya shuka, nanyi mkalale. Fimbo iwekeni mbali: si dawa ya ugonjwa huu, na huu si ugonjwa.