Sikio la Japani

Sehemu kubwa ya aushi yangu nimeitumikia stesheni moja, nayo ni ile ya gari moshi hapa Mpanda, mahali ambapo reli itokayo Kaliua, baada ya kupasua miombo kwa kiasi cha kilomita 210, hufika ikakoma ghafla kana kwamba imekumbuka jambo ililolisahau nyuma; kwa hiyo nilipostaafu nikaanza kutafuta stesheni za namna nyingine, za hewani, sikudhani kamwe kwamba karani aliyepokea mizigo ya watu miaka na miaka bila ya kupoteza hata kikapu cha kuku angeupokea mzigo wake mwenyewe ukiwa umekwisha kupotea tangu siku alipoulipia.

Asili ya jambo lenyewe ni kiinua mgongo. Mtu akishika fedha asizozizoea hakawii kugundua mahitaji ambayo jana hakuwa nayo, nami niligundua kwamba amplifaya yangu, pamoja na spika mbili za mbao zenye kimo cha mtoto wa darasa la pili, vilikuwa vikiishi katika ujane kwa kukosa tyuna. Tyuna, kwa msomaji ambaye Mungu amemwepusha nayo, ni redio isiyo na sauti yake yenyewe: huyadaka mawimbi, huyachuja, kisha huikabidhi amplifaya kazi ya kupaza sauti, mfano wa karani aandikaye hotuba ambayo mkubwa wake ataisoma mbele ya kadamnasi apigiwe makofi. Huenda ni kwa ajili hiyo nilikionea chombo hicho huruma kabla hata sijakiona. Bibi yangu hakuiona haja. Alinionyesha kwa kidevu redio yake ndogo ya betri, iliyotundikwa msumarini jikoni, akasema, "Babu, na ile ni nini?" Nikamjibu, kwa ghururi ambayo nimekwisha kuilipia, kwamba ile haikuwa redio bali mbu aliyefundishwa Kiswahili.

Walakini sikuwa mjinga mtupu. Mimi ni katika watu waliokulia Radio Tanzania ya masafa mafupi, enzi za redio za National zilizoundwa Dar es Salaam, ambapo betri zilizochoka zilianikwa juani pamoja na mpunga ili zipate nguvu za kumalizia taarifa ya habari, na ambapo kuanzia Novemba, mbingu ya Katavi ilipoanza kunguruma, kila radi iliyopiga ilimkata msomaji kauli pale pale alipotaka kutaja jina la mkubwa aliyehamishwa. FM ndiyo dawa ya maradhi hayo. Mmarekani Edwin Howard Armstrong, aliyepewa hataza zake mwaka 1933, alitambua kwamba radi huvuruga kimo cha wimbi, basi akautoa ujumbe katika kimo akautia katika wepesi wa mapigo yake, na kipokezi kikapata ruhusa ya kuvikata vilele vyote sawasawa, pamoja na takataka za radi zilizoning'inia juu yake, kama kinyozi apunguzavyo nywele bila ya kudhuru akili iliyomo chini. Kasoro yake ni kwamba mawimbi hayo hayapendi safari ndefu. Aghalabu hayaendi mbali kupita upeo ambao mlingoti, kama ungekuwa na macho, ungeuona.

Kwa maarifa hayo nilijiandalia maswali matatu ya kumuuliza muuzaji: kwanza usikivu, yaani tyuna iweze kudaka mnong'ono wa stesheni iliyo mbali, pili uteuzi, yaani isichanganye stesheni mbili zilizo jirani kama mzee mwenye wajukuu wengi achanganyavyo majina, na tatu, stesheni mbili zikigongana katika masafa yale yale, ni kwa wepesi gani itaishika yenye nguvu na kuisahau dhaifu. Maswali hayo yalikuwa ya kitaalamu kweli, nami niliyakariri njia nzima. Haikunijia kwamba Mpanda Radio FM imo papa hapa mjini, na kwamba kwa mtu akaaye karibu na stesheni kiasi changu, uma wa chakula uliochomekwa nyuma ya redio ungetosha kuwa antena. Wala halikunijia swali la nne, ambalo ndilo pekee lililostahili nauli: chombo chenyewe husikia kuanzia wapi hadi wapi?

Katika duka moja la Kariakoo nilimkuta kijana mpole, aliyenipa shikamoo mbili, moja ya umri na moja ya biashara. Nilimuuliza habari ya usikivu. "Mzee wangu, hiyo inakamata," akasema. Inakamata nini? "Inakamata kila kitu." Nikamuuliza habari ya uteuzi, akanijibu kwamba ile ilitoka Japani kwenyewe, imetumika na Mjapani mmoja tu, tena mtu mzima. Kisha akaiwasha. Uso wake ulikuwa wa rangi ya fedha, gurudumu lake zito lilizunguka kwa ulaini kama samli, mstari wa tarakimu ukang'aa kijani, na pembeni palikuwa na kijitaa ambacho, alinieleza, huwaka chekundu stesheni ya stirio inaposhikwa barabara. Kelele za mtaa hazikuturuhusu kujaribu sauti. Nakiri kwamba sikununua tyuna; nilinunua kile kijitaa.

Niliipakata kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, na Tabora hadi Kaliua, na Kaliua hadi nyumbani, heshima ambayo sikupata kumfanyia yeyote katika watoto wangu saba.

Lililonipokea kwanza ni umeme. Fundi redio wa Makanyagio, ambaye nilimwita ili ashuhudie tu, wala si ili afanye kazi, aliigeuza tyuna, akasoma mgongo wake kwa tochi ya simu, akauchomoa waya ambao tayari nilikuwa nimeuelekeza ukutani. Nyumba za Japani, akasema, hutumia volti 100, ilhali ukuta wangu ulikuwa na 230. Basi ikanunuliwa transfoma ya kushusha umeme, dude la chuma lililoizidi tyuna kwa uzito, na ambalo hunguruma usiku na mchana kama mtu aliyeudhiwa.

Pili ikawa antena. Nilisoma kwamba kwa masafa ya megahezi 100 urefu wa wimbi ni mita 3, na antena iliyo sawa ni nusu ya hiyo, yaani mikono miwili ya waya wa shaba, kila mmoja ukikaribia sentimita 75. Nikaitengeneza kwa mkono wangu, nikaifunga juu ya mwanzi, na mwanzi nikaufunga katika mkwaju ulio uani. Nilisahau kwamba katika nchi hii mkwaju si mti tu. Husimuliwa kwamba Katabi, mzimu ambao jina lake limekaa katika ziwa, katika mbuga na hatimaye katika mkoa wetu uliozaliwa mwaka 2012, maskani yake ni mkwaju. Jirani yangu, mzee wa Kibende mwenye staha nyingi, alikuja jioni akayatazama mashaba yangu yaliyonyoosha mikono, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mgonjwa ndani. Nilimwambia natafuta stesheni. Akatikisa kichwa kwa huruma. Alijua kwamba nimestaafu.

Usiku ule niliizungusha sindano kutoka mwanzo hadi mwisho, na kutoka mwisho hadi mwanzo, nisipate ila mvumo kama wa mchele umwagwao katika ungo, ilhali kule jikoni yule mbu alikuwa akisoma habari. Fundi alirudi asubuhi. Aliinama, akaweka kidole juu ya tarakimu za kijani ambazo nilizipenda bila ya kuzisoma: zilianza 76 zikakoma 90. Sisi stesheni zetu huanza 87.5 zikafika 108. Wajapani, kumbe, ile nafasi ya juu ya 90 walikuwa wameipa televisheni, idhaa ya kwanza, ya pili na ya tatu, na redio zao za zamani hazikuwa na sababu ya kupanda huko, kama wajuavyo wote walionunua gari kutoka kwao. "Mzee," akasema fundi, akichagua maneno kama mtu aletaye habari ya msiba, "mashine ni nzima kabisa. Ila inasikia Japani."

Tiba yake ni kijisanduku kile kile wanachokifunga katika magari hayo, ambacho huyapokea masafa na kuyashusha ngazi. Changu kilishusha 15, kikalishwa na betri ya pikipiki, na tangu hapo nyumba yetu ikawa darasa la hesabu: aliyetaka stesheni ya 100 aliitafuta 85, na iliyozidi 105 ilibaki nje mlangoni. Mjukuu wangu wa darasa la tatu ndiye aliyekuwa mkuu wa mitambo. "Babu, tisini na saba toa kumi na tano?" Jumamosi moja, mbele ya familia nzima iliyoketi kwa amri yangu, sauti ikatoka katika spika zote mbili, nene na safi kama ya mtu aliye sebuleni, na kile kijitaa kikawaka. Kiliwaka wekundu wa komamanga. Nilisimama. Kabla sijatamka neno, umeme ukakatika mji mzima.

Gizani, kutoka jikoni, taarifa ile ile iliendelea bila ya kupungua hata herufi.

Ningalitulia nikangoja, lakini hasira haina tochi. Nikadhani kosa limo katika waya zangu, nikazichomoa katika betri, nikazirudisha, hasi kwa chanya na chanya kwa hasi. Papo hapo kijisanduku kilitoa moshi mwembamba wenye harufu ya samaki, na umeme uliporudi tyuna ikarejea Japani.

Hata hivyo sikuiondoa, kwa maana taa zake zinapendeza, na bibi yangu amepata desturi ya kuweka redio yake juu yake wakati wa magharibi, akisema kwamba pale sebuleni inakamata vizuri zaidi. Wiki iliyopita alinitembelea mwenzangu wa zamani wa relini. Aliketi, akasikiliza kwa muda, akaisifu mashine kwa sauti yake ya kiasi isiyochosha masikio, akaomba nimweleze siri yake. Nikamweleza habari ya Armstrong, na vilele vya mawimbi, na uteuzi, na nilikuwa nimefika katika usikivu, bibi yangu alipoingia, akaichukua redio yake akaizima, akaondoka nayo jikoni kwenda kuepua wali.

Mgeni aliitazama tyuna, ambayo taa zake zilikuwa zingali zikiwaka, akaniuliza kama kipindi kimekwisha.