Linakunywa Maji Kidogo Tu

Kila asubuhi gari lako la mwaka 1998 linadai maji. Chini ya injini pakavu, hozi nzima, rejeta haijatoboka. Maji yanakwenda wapi? Fundi mkweli atakujibu kwa neno moja: gasketi. Mwongozo huu ni wetu sisi tusiomuuliza fundi mkweli.

1. Lipe tatizo jina dogo. Usiseme "gasketi ya silinda hedi imeungua", maana maneno hayo yana gharama. Sema "linakunywa maji kidogo", kama unavyomsifu mtoto mwenye afya. Gasketi hiyo ni kitu chembamba kilichobanwa kati ya bloku na hedi, nayo hutenganisha mahasimu watatu: moto, maji na oili. Wakianza kuchunguliana kwenye kitundu, sema ni ujirani mwema.

2. Ukimbie ushahidi. Injini ikiwa bado ya baridi, usifungue mfuniko wa rejeta ukawasha gari. Utaona mapovu yanapanda bila kukoma kama soda iliyotikiswa, yaani gesi ya silinda imeingia njia ya maji. Moshi mweupe wa ekzosi, ukiwa Njombe mwezi wa Juni, usingizie baridi. Ukiwa Dar es Salaam mwezi wa Januari, tafuta uongo mwingine. Na ukikuta chini ya mfuniko wa oili utando wa rangi ya chai ya maziwa, funga upesi.

3. Nunua dumu. Anza na la lita 5. Mkishazoeana, hamia la lita 20. Utayajua mabomba yote kati ya Kimara na Kibaha, na waosha magari watakusalimia kwa jina.

4. Mtafute fundi anayekubaliana nawe. Wangu alikuwa na gereji bubu chini ya mwembe. Aliinamisha kichwa, akaisikiliza injini kama daktari, kisha akanipa nilichokifuata: "Bosi, hii ndogo tu. Tunatoa themostati, feni tunaifunga direkti, unafika mpaka Tunduma." Themostati huyazuia maji mpaka injini ipate joto linalofaa, kwa kawaida nyuzi 80 na kitu, ndipo huyaachia yazunguke. Kuitoa ili kuponya gasketi ni sawa na kung'oa mlango ili kumponya mgonjwa homa. Lakini kwenye tambarare mshale wa temperecha utashuka, nawe utamsifu fundi kwa wiki mbili.

5. Linyweshe dawa. Wapo wanaovunjia ute wa yai ndani ya rejeta, wapo wanaonunua ya chupa. Ya chupa huweza kuziba ufa mdogo kwa muda, sikatai. Ila dawa haina macho: inaziba ufa, na vijia vyembamba vya rejeta haiviachi.

6. Lipeleke mlima Kitonga. Hapa ndipo kidogo hujua ukubwa wake. Mimi nilikwenda na mama mkwe kiti cha nyuma, tukimrudisha Iringa. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, mshale umetulia. Kwenye kona za mlima, nyuma ya lori linalotambaa, ukaanza kupanda, kisha boneti likafuka.

"Baba," mama mkwe akauliza kwa upole, "huko mbele mnapika nini?"

Kejeli niiweke kando kidogo: mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi. Shinikizo la ndani huyafanya maji yapite nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, sehemu yake inageuka mvuke ghafla, na maji ya moto yanakurukia usoni. Zima injini, kaa mbali, subiri mpaka hozi ishikike kwa mkono. Sisi tulisubiri mpaka vitunguu vikaanza kunuka ndani ya gari.

7. Ukishindwa kabisa, tengeneza. Iringa fundi alifungua boliti 10, akainua hedi, akanionesha palipoungua: padogo kama punje ya mchele. Ubaya ulikuwa kwenye hedi yenyewe. Ni ya aluminiamu, na joto lilikuwa limeipinda. Kwa injini ndogo kama yangu, mpindo unaovumilika ni milimita 0.05, pungufu ya unene wa unywele. Ikapelekwa kusawazishwa kwa mashine, ikarudi na gasketi mpya, boliti zikakazwa kwa spana ya kupimia nguvu, kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu. Themostati nayo ikarudishwa kazini bila kuombwa radhi. Gasketi ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko vyote nilivyolipia, pamoja na kuvutwa kwa gari kutoka mlimani.

Sasa gari halinywi maji. Lakini mama mkwe akija Dar hupanda basi. Nikimuuliza kulikoni, hujibu kwamba kiti cha gari langu kinamuumiza mgongo, kidogo tu.