Namna ya Kuchagua Dawa ya Filamu Nyeusi na Nyeupe Bila Kukosana na Marafiki

Ukitaka ugomvi usioisha, wakalishe pamoja wapiga picha wawili wa filamu, kisha uwaulize ni dawa ipi bora ya kusafishia nyeusi na nyeupe. Kabla hujachagua upande, chovya kipimajoto kwenye maji ya bomba. Majedwali ya viwanda hukadiria muda kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na bomba la Dar es Salaam mwezi Februari halitakupa nyuzi hizo hata uliombe.

Joto likipanda, dawa hukimbia. Filamu ya HP5 Plus ndani ya dawa ya ID-11 isiyozimuliwa huiva kwa dakika 7 na nusu katika nyuzi 20. Maji yakiwa nyuzi 28, muda hupungua sana, na ukishuka chini ya dakika 5 mabaka yanakunyemelea: upande mmoja wa filamu umeshaanza kuiva, mwingine ndiyo kwanza unalowa. Kwa hiyo zimua. Roli moja ya milimita 35 ipe mililita 150 za dawa na 150 za maji. Muda unafika dakika 13 kwa nyuzi 20, na joto likikulazimisha kupunguza, bado una nafasi ya kugeuza tangi taratibu. Ukimaliza, mwaga. Barafu weka kwenye beseni la kupozea chupa, usiitie ndani ya dawa, maana ikiyeyuka inaharibu vipimo vyako.

ID-11 na D-76 ya Kodak ni kama kitu kimoja. Wapo wanaoidharau D-76 kwamba ni dawa ya wanafunzi. Ni kweli, na hiyo ndiyo sifa yake: imekuwapo tangu miaka ya 1920, na karibu kila filamu ina muda wake uliokwisha kupimwa.

Dawa nyingine ni Rodinal, iliyosajiliwa Ujerumani mwaka 1891. Inamfaa anayepiga roli moja Idi hadi Idi, kwa kuwa chupa yake hukaa miaka bila kuharibika. Ipe filamu ya ISO 100. Kwa ISO 400, chembe zitajaa usoni mwa bibi yako, naye atakuuliza amekukosea nini.

Halafu kuna kahawa. Ndiyo, kahawa ya unga ya kukoroga, vitamini C na magadi ya kufulia husafisha filamu kwelikweli. Robusta, inayolimwa kwa wingi Kagera, ndiyo inayopendekezwa. Magadi yawe yale makavu ya viwandani, si ya kulainishia maharage, na madirisha yawe wazi, kwani harufu ya mchanganyiko huo haivumiliki.

Anza na D-76 au ID-11 iliyozimuliwa kwa maji kiasi sawa. Usiibadili mpaka uijue, na kwenye kila bahasha ya negativu andika joto na dakika ulizotumia.