Gari Linalojisaidia Uani kwa Mama Mkwe

Mtu wa Kigoma humfundishi habari za mafuta. Migebuka yake imeungwa kwa mawese, sabuni aliyoogeshwa nayo utotoni ilitoka kwenye mawese au mise (mafuta ya kokwa za mchikichi), na doa la mawese likiingia kwenye kanzu nyeupe anajua halitoki mpaka kanzu yenyewe ichakae. Kwa hiyo gari langu, Corolla ya zamani iliyopita mikono mingi kabla ya kunifikia, lilipoanza kudondosha oili, sikukosa washauri. Nilimkosa wa kunyamaza.

Oili ilikuwa inatokea chini ya sampo, lile bakuli la chuma linalobeba oili chini ya injini, penye bolti ya kumwagia. Bolti hiyo ni kitu kidogo, inafunguliwa kwa spana namba 14. Kati yake na sampo hukaa washa laini, ambayo kazi yake duniani ni kukubali kubonyea ili kuziba. Ikishabonyea mara moja imemaliza kazi, na inatakiwa itolewe kila oili inapobadilishwa. Kwenye gereji nyingi za kwetu, washa hiyo huhesabiwa kuwa sehemu ya gari tangu kiwandani na itazikwa nalo.

Kama lingekuwa linadondosha barabarani tu, pengine ningechelewa sana kujua. Likachagua Ujiji, uani kwa mama mkwe wangu. Ua ule hufagiliwa kabla ya jua kuchomoza, kwa mistari iliyonyooka kiasi kwamba kuku wenyewe hupita pembeni. Sasa mama mkwe, kwa adabu zetu, hawezi kutoka nje akamwambia mkwewe ana kwa ana kuwa amemchafulia uwanja. Akamtuma mjukuu. Mtoto akaja na kopo tupu la rangi, akapiga goti, "Shikamoo baba mdogo," akalisukuma kopo chini ya injini na kutangaza kwa sauti iliyovuka uzio: "Bibi anasema gari lijisaidie humu!"

Tangu siku hiyo kopo likawa na mahali pake. Nikipiga honi langoni, linaletwa kopo kwanza, kiti baadaye.

Chanzo nilikuwa nakijua. Kijana aliyenibadilishia oili, katika gereji ambayo sitaitaja, alikuwa na dawa moja kwa kila nati: kukaza. Spana ilipogoma kuzunguka, akachomeka bomba la maji kwenye mpini ili urefuke. Bomba nalo lilipogoma, akapanda juu yake. Toyota wenyewe wanaagiza bolti ya gari kama langu ikazwe kwa nyutoni-mita 37 hivi, yaani ni kama kuning'iniza kilo 15 kwenye ncha ya spana ya sentimita 25. Kijana yule hakupungua kilo 70, na alikuwa amevaa buti.

Ukizidisha hapo, washa inapondeka, bolti inavutika, na meno ya kwenye sampo yanaanza kulika. Ubaya wake ni kwamba bolti ya namna hiyo hukazika vizuri kabisa, mpaka ile dakika inapoanza kuzunguka bure. Hapo ndipo fundi anapokwambia habari ya sampo mpya.

Nilirudi gereji. Gari likawa na adabu! Oili ikipoa huwa nzito, ikipata joto la injini inalegea na kuona njia hata penye upenyo wa unywele. Na sisi tulikaa foleni asubuhi nzima injini imezimwa. Zamu yetu ilipofika, kijana akaingia chini, akapapasa, akatoka na kidole kikavu. "Bosi, hapa pakavu." Halafu, ili nisiondoke mikono mitupu, akaikaza tena.

Shauri likahamia kwenye baraza la kahawa, Ujiji. Mmoja akasema sabuni ya mche: unaikanda, unaibandika, umemaliza. Sikumcheka, maana tiba hiyo ni ya kweli. Tenki la petroli likitoboka njiani, sabuni iliyokandwa huziba na kukufikisha mjini, kwa kuwa petroli haiiyeyushi. Ila chini ya sampo kuna moto, na sabuni ikipata moto inalainika na kukimbia na oili yake. Mwingine akapendekeza tepu nyeupe ya mafundi bomba. Wa tatu akasema niliache lilivyo, gari linalovuja oili angalau una hakika oili imo.

Aliyeniokoa ni mzee mstaafu wa ufundi wa injini za boti pale Kibirizi, ambaye muda wote huo alikuwa anakunywa kahawa yake tu. Aliponigeukia hakuanza na gari langu, alianza na Liemba. Meli ile ililetwa vipande vipande kutoka Ujerumani, ikaja kuungwa Kigoma, ikaitwa Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani walipoona vita inawaelemea wakaizamisha wenyewe, lakini kabla haijashuka mafundi wakazipaka injini grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, injini bado zinafaa, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina la Liemba. "Mwanangu," mzee akasema, "ile grisi ilikaa ziwani karibu miaka minane haikutoka. Yako haikai toka Mwanga, pale mjini Kigoma, mpaka hapa Ujiji."

Baraza zima likanicheka, na aliyeshauri sabuni akacheka zaidi.

Mzee akataka gari lioshwe kwanza. Tukasafisha chini yote kwa mafuta ya taa, tukakausha, tukawasha injini mpaka ikapata moto, tukatandika boksi chini. Nilidhani anapoteza muda, kumbe oili hupenda kusingizia. Inaweza kutoka juu kwenye mfuniko wa injini au kwenye filta, ikateremka, upepo wa safari ukaisukuma, ikaja kuning'inia kwenye bolti isiyo na kosa. Kwangu, bolti ilikutwa na hatia.

Ikabaki washa. Nikaagiza Dar es Salaam, kwa sababu Kigoma ni mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200, na vipuri vingi huchoka kabla ya kufika. Shida ya mzigo wa kutoka pwani si ya leo. Mwaka 1871, Livingstone alirudi Ujiji akiwa hoi, akakuta bidhaa alizopelekewa zimekwisha kuuzwa. Mimi angalau mzigo wangu ulifika. Ulikuwa na washa nzuri, mpya, inayong'aa, ya tundu kubwa kuliko bolti yangu.

Mzee hakushangaa. Alichakura kwenye kopo lake la vikorokoro akatoa washa ya shaba iliyokwisha tumika, akaiweka kwenye jiko la mkaa ikawa nyekundu, akaitumbukiza kwenye maji. Chuma cha pua ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu. Shaba inalainika na kuwa tayari kubonyea upya. Akaisugua, akaivisha kwenye bolti, akaifunga kwa vidole mpaka ikagusa, kisha akashika spana kwa mkono mmoja na kuivuta kidogo tu.

"Tayari?" nikauliza.

"Tayari."

"Hukazi zaidi?"

Akaniangalia mpaka nikaona haya ya kuuliza.

Meno ya sampo, namshukuru Mungu, yalikuwa bado yamo. Mama mkwe alituma salamu kupitia mjukuu kwamba kopo sasa linahitajika kwa kazi nyingine. Aliyesikitika ni jirani yake peke yake. Kumbe alikuwa anakuja kuchukua oili ile kimyakimya na kupaka nguzo za uzio wake zisiliwe na mchwa, na alikuwa amebakiza upande mmoja.

Nawe ndugu yangu mwenye gari, siku ya kubadilisha oili simama hapo hapo, dai washa mpya, na ukimwona fundi anatafuta bomba la kuongezea spana, mpe hela ya kahawa, kisha mnyang'anye bomba.