Upepo Una Bima, Maji Yana Yake

Kimbunga Katrina kilipoipiga pwani ya Mississippi, Agosti 2005, nyumba nyingi zilibaki msingi mtupu. Ndipo akatokea mkadiria hasara, kamera shingoni: je, paa liliezuliwa na upepo au lilisombwa na maji? Bima ya kawaida ya nyumba Marekani hulipa upepo. Mafuriko yana bima yake, ya serikali. Na vikija pamoja? Hati nyingi zilikuwa na kifungu, kwa herufi za sisimizi, kwamba hapo hulipwi. Basi mwenye nyumba, aliyekimbia kuokoa roho yake, akatakiwa aeleze kipi kilitangulia. Nani alimtuma akimbie bila kumwachia mtu saa na daftari? Lakini ada yake ya bima ya kila mwaka haikuwahi kuulizwa imeletwa na upepo au maji.