Ndege Haina Konda

Kila ukoo una mtu mmoja anayeharibu likizo ya Desemba kabla haijaanza, na kwetu, kwa kura zote isipokuwa yangu, mtu huyo ni mimi. Tiketi zimeshakatwa: Dar es Salaam hadi Mwanza, baba, mama na watoto watatu, kwa ndege. Tangu siku ile simu ya Mama Neema ilipolia kuthibitisha malipo, usingizi umenihama. Upo humuhumu nyumbani, maana nawasikia wenzangu wakikoroma chumba kwa chumba, ila kwangu haufiki.

Naomba nieleweke. Mwanza naitaka. Nataka sato wa kuchoma aliyetoka ziwani asubuhi. Nataka kuliona Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, ambalo wanangu wanalisimulia kama vile walibeba zege wenyewe. Ugomvi wangu ni na kile kipande cha katikati, baina ya kuondoka na kufika. Kina kwenda juu kwingi mno.

Nilipendekeza basi. Mama Neema akanikumbusha kwamba ni zaidi ya kilomita 1,100, kwamba ni Desemba, kwamba tutatoka alfajiri na kufika usiku wa manane Mungu akipenda, na kwamba kitinda mimba wetu huanza kutapika Chalinze. Nikapendekeza treni ya umeme hadi Dodoma.

"Na kutoka Dodoma hadi Mwanza tutakwenda na nini, Baba Neema? Na maombi?"

Reli ya huko bado inajengwa. Nilikuwa radhi kuisubiri.

Habari zikavuja kwamba baba mwenye nyumba anaogopa ndege, wafariji wakaanza kumiminika. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Hofu yangu ilikuwa changa, nikiilea mwenyewe kimyakimya usiku, mpaka walipokuja kunisaidia malezi.

Wa kwanza alikuwa mwenzangu wa kazini, mtu mwema, anayenikopesha nauli. Akanishika bega. "Usiogope bwana. Ndege ikianguka hata maumivu husikii." Akaenda zake kunywa chai akiwa ameridhika. Mjomba akapiga simu kututakia safari njema, akazungumza vizuri sana kuhusu mapenzi ya Mungu, kisha akauliza: "Hivi, mjomba, ile hati ya kiwanja cha Chanika uliiweka wapi? Nauliza tu, siyo kwa ubaya." Mama mkwe akatuma ujumbe kwamba wao huko Mwanza wanafunga siku tatu kwa ajili yetu. Nimepanda mabasi ya mikoani maisha yangu yote, mengine yakiwa na matairi yaliyobaki na upara mtupu, na hakuna mtu aliyewahi kuacha hata kikombe kimoja cha chai kwa ajili yangu. Kwa ndege, wanafunga. Wanajua nini ambacho mimi sijui?

Kinyozi yeye hakufariji. Alinisimulia ajali zote anazozijua, moja baada ya nyingine, wembe ukiwa shingoni mwangu, na mimi siwezi hata kutikisa kichwa kumwambia yatosha. Shemeji, kaka yake Mama Neema, akaniletea dawa ya kiume: "Shem, piga mbili kubwa kabla hujapanda. Ukishtuka uko Mwanza." Ushauri huu hutolewa na watu ambao hawajawahi kubanwa na haja ndogo huku taa ya mkanda inawaka na mhudumu amewakazia macho.

Halafu kuna yule anayejua takwimu. Kila kundi la WhatsApp la ukoo lina wake. "Barabara inaua watu wengi kuliko ndege." Ni kweli kabisa, sibishi. Ndege ni salama kuliko gari, tena kwa mbali. Mimi mwenyewe nimeuteremka mlima Sekenke nimelala mdomo wazi, huku dereva akishindana na lori la mafuta kwenye kona, na niliamshwa na mtu wa kuuza vitunguu. Mwenye takwimu anaona hapo amenimaliza.

Hajanimaliza. Hajaniuliza kwa nini nililala. Nililala kwa sababu basi lina konda. Katika basi abiria ana kauli. Dereva akizidisha mwendo, mama mmoja wa kiti cha nyuma anapaza sauti: "We dereva, umebeba watu, hukubeba magunia!" Basi zima linaitikia, dereva anapunguza, baada ya kilomita 5 anaongeza tena, lakini angalau tumesikilizwa. Na mambo yakizidi kabisa, unasimama. "Konda, shusha hapo mbele." Konda anagonga bodi mara mbili, unateremka Kibaigwa, unanunua mahindi, unasubiri basi lingine lenye dereva mwenye wazazi. Sijawahi kufanya hivyo hata siku moja. Lakini najua naweza, na kujua huko ndiko kunakonipa usingizi.

Sasa kwenye ndege utamwambia nani? Mlango ukishafungwa umefungwa. Dereva yuko nyuma ya mlango mwingine, naye haufungui kwa kelele za abiria. Unamsikia tu kwenye spika akikutajia hali ya joto ya Mwanza kwa sauti ya mtu aliyetoka kula. Hakuna bodi ya kugonga. Ukisimama ukasema "shusha", watakuteremsha kweli, lakini mikononi mwa polisi.

Nimewatafuta wenzangu katika historia, nisije nikadhani niko peke yangu. Wapo, na ni watu wazito. Dennis Bergkamp, yule Mholanzi aliyejiunga na Arsenal mwaka 1995, alikataa ndege katakata. Timu ikienda kucheza Ulaya, yeye aliifuata kwa gari au treni, au akabaki nyumbani kwake, na bado wakachukua ubingwa wa Uingereza mara tatu akiwamo. Nilimpelekea shemeji hoja hiyo, maana ni Arsenal wa kufa na kuzikana. Akasema: "Shem, Bergkamp alikuwa anafunga magoli. Wewe unaleta nini mezani?"

Na Muhammad Ali. Mwaka 1960, akiwa bado kijana anaitwa Cassius Clay, ilibidi aende Roma kwenye Olimpiki, na ndege ilikuwa inamtia kiwewe. Inasimuliwa kwamba alikwenda duka la vifaa vya jeshi akanunua parachuti, akasafiri amelivaa. Akarudi na dhahabu. Miaka 20 baadaye, Februari 1980, alitua hapahapa Dar es Salaam akiwa ametumwa na Rais Jimmy Carter kuishawishi Tanzania isusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakutaka hata kumwona. Tanzania ikaenda Moscow, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na fedha mbili ambazo mpaka leo ndizo medali zetu pekee za Olimpiki. Natoka nje ya mada, lakini mwenye hofu ya ndege akipata pa kutokea hutoka. Nilichotaka kusema ni kwamba nilimuuliza Mama Neema kuhusu parachuti. Akasema mzigo wa mkononi mwisho kilo 7.

Sina ugomvi na wahudumu, lakini yale maelezo yao ya usalama nayafahamu kutoka safari za kikazi, na hayajawahi kunituliza. Wanakuonyesha jaketi la kuokolea watu majini, wewe unaenda Dodoma. Wanakwambia barakoa ya hewa ikidondoka, jivalishe mwenyewe kwanza ndipo umvalishe mtoto. Nilipomsomea Mama Neema kanuni hiyo, alisema kwa upande wangu haina haja ya kutangazwa.

Nimesoma pia kwamba ndege kubwa ya abiria hairuhusiwi kuuzwa mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, kwa kutumia nusu tu ya milango. Sekunde 90! Familia hii, Jumapili, kwenda kanisani, mlango ukiwa wazi na hakuna moto wowote, inahitaji saa nzima, na tukishafika barabarani mmoja anarudi kuchukua kitambaa. Waliofanya jaribio hilo hawakumweka Neema na jozi zake tatu za viatu vya kuchagua.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa ndege mstaafu. Nilikwenda kwake jioni, nikampa shikamoo, nikakaa kwenye benchi nikingoja aniambie nisiogope. Hakuniambia. Aliuliza: "Unaogopa nini hasa? Sauti, mtikisiko, au kuanguka?"

Jamani. Wiki mbili nafarijiwa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Nikasema vyote, lakini tuanze na sauti. Akanipangia kama fundi anayepanga spana. Ndege ikishaacha ardhi utasikia kishindo chini ya miguu: magurudumu yanaingia ndani na milango yake inajifunga. Utasikia mlio wa mota ukijikokota: vile vipande vya nyuma ya bawa vilivyotokezwa kwa ajili ya kuruka vinarudishwa. Kisha, na hapa akaniinulia kidole, injini zitapunguza ngurumo na tumbo litakwambia ndege inazama. Tumbo linasema uongo. Nguvu kubwa ilikuwa ya kuondokea chini. Imepunguzwa, na ndege inaendelea kupanda. Ile kengele inayolia, ambayo mimi miaka yote nilijua ni rubani anaita msaada, mara nyingi ni wahudumu wanaitana. Masikio yakiziba, meza mate au tafuna kitu. Hewa ya ndani huwekwa kama ya mlimani, hata mita 2,400 juu ya bahari. "Ukipanda Lushoto kutoka Mombo hayazibi?" Yanaziba. "Ukalia?" Sikulia.

Bawa likicheza, akasema, shukuru; limetengenezwa licheze. Mwaka 2010 Boeing waliyakunja mabawa ya 787 kwa mitambo, yakapanda juu zaidi ya mita 7, wakiyabebesha mzigo mara moja na nusu ya ule mkubwa kabisa unaotarajiwa angani, na hayakuvunjika. Mtikisiko unatoka kwenye hewa. Jua likishaichoma ardhi ya Singida na Shinyanga, hewa ya moto inapanda, na ndege ikikatiza hapo inarushwarushwa. Asubuhi huwa kumetulia.

"Nyinyi mnaondoka saa ngapi?"

"Saa nane mchana, mzee."

Akanyamaza kidogo. "Fungeni mikanda," akasema.

Kuhusu kuanguka, alinipa kisa cha kunituliza. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada ilianza kuishiwa mafuta ikiwa futi 41,000, kisha injini zote mbili zikazimika. Rubani akaiongoza ikielea kama tiara mpaka Gimli, uwanja wa zamani wa jeshi, wakati huo watu wakishindanisha magari hapohapo, akaitua. Watu 69, hakufa hata mmoja. Nilifurahi sana. Nikauliza mafuta yaliishaje.

"Wakati wa kupima walichanganya kilo na ratili."

Nilimshukuru, nikaaga, na sijalala tena. Kila nikifumba macho naona mtu uwanjani ameshika mpira wa mafuta, anawaza ratili. Jana nimepeleka mabegi yetu dukani kwa Mangi kuyapima, begi moja likasoma kilo 26 asubuhi na 22 jioni, na hakuna kilichotolewa ndani.

Hata hivyo, zile sauti nimeziandika. Ninayo karatasi yenye kila mlio kwa mpangilio wake tangu kuwashwa injini hadi magurudumu kugusa Mwanza, na kila mmoja una kisanduku cha kuweka tiki. Mama Neema aliikuta mfukoni mwa suruali.

"Hii ni nini tena?"

"Ukaguzi."

"Wa nani?"

"Wa ndege."

Aliisoma yote, akairudisha, akaniuliza kama nitakuwa na kalamu. Nikamwona anaondoka mabega yakitikisika, sijui alikuwa analia au vipi. Viti nimeshavigawa: Neema dirishani, kazi yake kulitazama bawa na kutoa taarifa, mimi njiani, kazi yangu kupokea taarifa. Kitinda mimba ameuliza kama ndege ikitoboka tutamwagika. Nimemwambia aende kwa mama yake.

Jana usiku shemeji akapiga tena, na sasa ana mpango wa Pasaka. Anataka familia zote mbili tukutane Dar, twende Zanzibar kwa zile ndege ndogo za injini moja, zinazobeba watu kumi na kidogo. Dakika 20 tu, anasema. Unapimwa kwenye mizani pamoja na mzigo wako, na wakikosa nafasi nyuma, abiria mmoja anakaa mbele, kando ya rubani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukataa. Kando ya rubani? Bega kwa bega? Yaani ukimwambia "punguza kidogo hapo kaka", anasikia?

Mama Neema akaichukua simu mkononi mwangu. "Kaka, nyinyi pandeni ndege," akasema. "Huyu tutamtanguliza na boti."