Kamati ya Safari ya Kondoa

Mtumishi wa umma akishakaa Dodoma vya kutosha, hata mapumziko huyaitishia kikao. Ndivyo ilivyokuwa kwa jamaa wa ofisi moja mjini hapa. Walianza kwa kuitamani Roma, wakashuka hadi Mji Mkongwe wa Zanzibar, na baada ya kila mmoja kuchungulia salio lake kwenye simu, wakatua Kondoa. Hakuna aliyenung'unika. Michoro ya miambani ya Kolo na vilima vya jirani iliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2006, miaka sita tu baada ya Mji Mkongwe, na Kolo haidai viza wala boti.

Kundi la WhatsApp likafunguliwa. Ajenda ya kwanza: mchango. Ya pili: nani hajatoa mchango. Ya tatu haikufikiwa, maana Mhasibu alibandika orodha yenye tiki za kijani, na waliokosa tiki wakaanza kujitoa mmoja mmoja wakisingizia simu mbovu. Mwenyekiti (safari ya siku mbili ina mwenyekiti wa nini, Mungu ndiye ajuaye) akaunda kamati ndogo ya chakula. Tarehe ikaangukia sikukuu ya Muungano, 26 Aprili.

Mzee wa masijala, Mrangi wa huko huko, akakohoa kidogo.

"Wanangu, Aprili? Kule mvua haisomi ratiba."

Katibu hakuliandika hilo kwenye muhtasari. Na historia ilikuwa upande wa mzee. Aprili 1916, Jenerali van Deventer wa jeshi la Waingereza aliteremka na wapanda farasi wake kutoka Arusha, akawanyang'anya Wajerumani Kondoa-Irangi. Kuingia aliingia. Kisha masika yakamkatia njia nyuma yake, farasi wake wakafa kwa mamia, na askari wakabaki pale na njaa na homa. Mwezi uliofuata von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawashambulia usiku, akashindwa kuwatoa, lakini hata yule mshindi hakuwa na hali ya kwenda popote. Katika wote waliowahi kuipangia Kondoa safari ya haraka, huyo ndiye angestahili uenyekiti.

Jamaa wa Dodoma waliponzwa na lami. Barabara ya kwenda Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018, na mtu akiwa Mayamaya kwenye lami iliyonyooka, redio inaimba, huamini nchi nzima iko hivyo. Wakakodi Noah. Walipofika Chemba ndipo ilipogundulika kuwa hotpoti la kuku halimo garini: wajumbe wote watatu wa kamati ya chakula walijua mwenzao amelibeba. Mwenyekiti akaomba maelezo kwa maandishi.

Kolo iko mbele ya Kondoa mjini, na ofisi ya Mambo ya Kale iko pale pale kando ya barabara kuu. Michoro yenyewe haiko kando ya barabara kuu. Huendewa kwa njia ya udongo na mchanga, halafu kwa miguu kupanda mlima, na hiyo njia ya udongo ndiyo iliyoimeza Noah hadi kwenye bampa. Vijana wakatokea na majembe, wala hawakuwa wamekimbia. Bei yao ilikuwa elfu thelathini. Mhasibu akatoa fedha, kisha, kwa mazoea, akaomba risiti. Vijana wakatazamana. Mmoja akasogea kwenye kioo cha nyuma kilichojaa tope, akaandika kwa kidole: 30,000 IMELIPWA. Mhasibu akapiga picha, akaituma kundini.

Kule juu, chini ya jabali lililoinama kama kibaraza, kelele zilipungua kidogo. Mwongozaji aliwaonyesha tembo, twiga, na watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa kama wamevaa vilemba, wote kwa rangi nyekundu iliyofifia. Mary Leakey alikuja kuinakili michoro ya eneo hili mwaka 1951, na kitabu chake kikatoka 1983. Upo mchoro mmoja ambao wataalamu hawajakubaliana kuuhusu mpaka leo: mtu wa katikati, anayedhaniwa ni mwanamke, anavutwa mikono huku na huku. Wapo wanaosema anatekwa, wapo wanaosema ni ngoma ya kupandisha mashetani.

"Ni mchango," akasema Mama Junior. "Huyo wa kati hajalipa."

Mwongozaji, aliyekwisha sikia tafsiri nyingi, akasema hiyo ni mpya. Akawaeleza pia kwamba Warangi bado hupanda huku kufanya matambiko ya kuomba mvua, na wote wakageuka kuitazama Noah kule chini, ikizidi kulowa.

Waliporudi ofisini Kolo walipewa kitabu cha wageni. Kwenye safu ya maoni Katibu hakuwaza mara mbili: "Imeonwa. Ihifadhiwe kwenye jalada." Akatia sahihi, akatafuta muhuri.